Aliyealika Huonja Kwanza

Mezani tulikuwa watu watatu, na meza niliichagua mimi.

Ilikuwa ile ya pembeni, chini ya vigae vya buluu, kwa sababu mtu akikaa pale humwona kila anayeingia na hakuna anayeweza kupita nyuma yake. Ludovic alikuwa amenipa masharti kwa simu: iwe mchana, mahali penye watu, si kwake wala si kwetu, na mgongo wake uwe ukutani. Nikamwambia napajua mahali. Kwa miaka mitatu nilipokuwa chuo nilikuwa mhudumu wa Casa Eulogio, mkahawa wa Kihispania uliofunguliwa Södermalm, mjini Stockholm, mwaka 1966, na nilijua hata viti vinavyolia mtu akivikalia.

Ludovic nilimpata kwa ajili ya masomo. Masika ya mwaka 2010 nilikuwa naandika tasnifu yangu ya ustawi wa jamii. Niliwauliza Warundi wanaoishi huku Uswidi namna wanavyowasimulia watoto wao habari za mwaka 1993. Ludovic alikuwa wa tisa. Tulikaa jikoni kwake, Södertälje, siku ambayo hakuwa na zamu ya usiku katika kiwanda cha malori, naye alinijibu vizuri kabisa mpaka alipoamua kuuliza, kama watu wa kwetu wanavyouliza siku zote, mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba yangu, Cyriaque, na kilima chetu, maana kwetu kijiji ni kilima. Akakitazama kinasa sauti kilichokuwa mezani.

"Zima hiyo," akasema.

Nikazima. Alinipa koti langu, akanifungulia mlango.

Ilipita karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimeshahitimu, natafuta kazi, aliponipigia simu.

"Natacha? Mimi Ludovic wa Södertälje."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Usiniite hivyo bado." Nilimsikia akivuta pumzi. "Baba yako angali anamtafuta Félix?"

Félix alikuwa mdogo wake baba, kitinda mimba wa nyumba yao, mwenye miaka kumi na tisa. Yeye na Ludovic walikaa dawati moja sekondari. Mwezi wa Oktoba 1993, mauaji yalipoanza, Félix alitoroka shuleni akarudi kilimani kwa miguu. Jirani mmoja alimwona akikata njia ya kwenda kwa akina Ludovic. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Sitaeleza hapa nani alikuwa wa kabila gani. Msomaji wa kwetu atajua, na asiye wa kwetu hahitaji kujua ili amwelewe mtu aliyepotelewa na mdogo wake.

Kwetu matanga yana siku yake ya kuanuliwa. Ndugu hukusanyika, hunyoa nywele, hunywa pamoja, na kesho yake watu hushika majembe tena. Siku hiyo ya Félix haijawahi kufika. Shangazi Médiatrice, aliyebaki Burundi, alitaka mara nyingi wayaanue hivyo hivyo, bila mwili. Baba alikataa. "Nianue matanga ya nani?" alikuwa akimjibu. "Mimi sijazika mtu." Alitaka kujua mahali tu. Miaka kumi na saba alikuwa akiuliza swali moja kwa kila Mrundi aliyekutana naye, kambini Kigoma, na baadaye huku.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na niliamini kuwa watu wakiketi pamoja wakala chombo kimoja, ukweli hutoka wenyewe. Niliamini hivyo kwa moyo wote. Ndiyo sababu niliwapeleka Casa Eulogio. Pale wali wa paella huletwa ndani ya kikaango chake kipana kama sinia, huwekwa katikati ya meza, na kila mtu huula kwa kijiko kuanzia upande wake kuelekea katikati. Divai huletwa katika porrón, chupa ya kioo yenye mdomo mrefu mwembamba, ambayo watu hupokezana na kujimiminia kinywani bila kuigusa kwa midomo. Nilipoviona vitu hivyo nilikuwa naona mtungi wa pombe wa nyumbani na mirija yake. Nilimweleza baba haya yote ndani ya treni kutoka Tumba, tunakoishi. Yeye alikuwa anatazama nje.

"Na anajua kwamba nami nitakuwa nakula?" akauliza.

"Anajua, Baba."

"Haya."

Chakula nilikuwa nimekiagiza siku moja kabla, kwa Wamaitha. Huyu ni Mkenya aliyekuja kusoma akaolewa huku, na ndiye aliyenifundisha kazi pale, kubeba sahani nne kwa mkono mmoja. Aliniuliza kama ilivyo kawaida katika mikahawa ya Stockholm, kila meza: kuna asiyekula nguruwe, kuna asiyekula samaki, kuna asiyekunywa?

"Baba hanywi pombe," nikasema.

"Basi yeye nitamwekea juisi ya zabibu. Nyekundu vilevile, hata hatajiona mpweke."

Nikamshukuru. Niliona ni wema.

Ludovic alifika saa nane kamili. Alikuwa mtu mkubwa, mabega yamejaa, amevaa koti la kanisani na kidevuni ana alama ya wembe. Watu wa kwetu wakionana baada ya muda mrefu hushikana mikono mpaka kwenye viwiko, wakapigana mabegani, wakaulizana habari za nyumba nzima. Hawa wawili walipeana mkono mfupi kama Waswidi benki.

"Umezeeka, Ludovic."

"Nawe umenenepa, kaka. Nchi hii imekulisha."

"Viazi tu."

Ludovic akakaa, mgongo ukutani. Alitazama miguu ya nguruwe iliyokaushwa, inayoning'inia juu ya kaunta, akatazama mlango wa jikoni, akatazama mlango wa barabarani.

"Tuongee Kiswahili," akasema. "Kirundi sitaweza. Maneno yale kwa Kirundi yana sauti za watu."

"Sote tumepitia Kigoma," baba akamjibu. "Kiswahili kitatosha."

Wamaitha akaja na mkate na zeituni, sauti yake ikimtangulia. "Karibuni, wazee wetu! Leo mmeletwa na msomi. Juzi juzi alikuwa anabeba sahani hapa, kila wiki anavunja mbili, leo amekuwa mgeni rasmi."

"Mbili tu?" baba akasema. "Basi hapa alikuwa anajitahidi. Nyumbani ni tatu."

Ludovic alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Nikajiambia: inakwenda vizuri.

Wamaitha akarudi na vinywaji. Akaweka porrón ya divai mbele ya Ludovic. Mbele ya baba akaweka glasi ya juisi, imeshajazwa huko huko jikoni. Mimi akanipa maji.

"Hii ya mgeni," akasema kwa furaha, "na hii ya mzee."

Mkono wa Ludovic ulikuwa unaelekea kwenye mkate. Ukasimama hewani, kisha ukarudi chini ya meza.

Sikuelewa. Nilianza kueleza namna ya kutumia porrón, kwamba unarudisha kichwa nyuma, unaanza karibu halafu unaivuta mbali. Nilicheka peke yangu. Paella ikaja, wali wa manjano unatoa mvuke, kamba, kome, vipande vya sungura. Wamaitha akakizungusha kikaango kidogo hadi mpini ukawa upande wangu, akatutakia chakula chema. Baba akashika kijiko, akala kutoka ukingo wake. Akala tena. Ludovic hakukigusa kijiko chake. Alikuwa anaitazama glasi ya baba.

"Mzee, chakula kinapoa," nikamwambia.

"Nimeshiba."

"Hata hujaonja."

"Nimeshiba, mwanangu. Asante."

Meza ya jirani ilikuwa na familia ya Waswidi waliomleta bibi yao kusherehekea miaka themanini. Walisimama wote wakamwimbia wimbo wao wa siku ya kuzaliwa, wakapiga makofi. Baba alifuta mdomo.

"Ludovic. Umeniita, nimekuja. Félix yuko wapi?"

Ludovic akafunga vifungo vya koti lake. "Nina treni ya saa tisa na dakika kumi."

"Lakini hujasema lolote!" nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Hakunijibu mimi. Alimwegemea baba, akasema polepole: "Kaka, kama ulitaka kuniua ungenijia hata kwenye treni. Tumepanda treni ya njia moja miaka kumi, mimi nikishuka mwisho, wewe ukishuka Tumba. Kwa nini umtumie mtoto?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Baba hakushangaa. Alikiweka kijiko chini. Akaitazama divai, akaitazama glasi yake, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba naye alikuwa amechelewa kuelewa, ila sasa ameelewa.

"Natacha. Kwa nini vinywaji ni viwili?"

"Nilikuombea juisi, Baba. Si hunywi?"

Akafumba macho.

Hapo ndipo nikaelewa. Jambo hili ninalijua. Nimeliona kwa mama kila Jumapili: soda ya mgeni hufunguliwa mbele ya macho yake, na kama kinywaji kimetoka ndani kikiwa wazi, mwenye nyumba huonja kwanza, kisha humpa mgeni. Aliyealika huonja kwanza. Nililiona kama unavyoona mtu akinawa mikono, bila kufikiri ni la nini. Siku za amani ni adabu. Siku za chuki ndilo jambo pekee linalomhakikishia mgeni kwamba kesho ataamka. Na mimi, baada ya kusoma vitabu vyote vile vya upatanisho, nilikuwa nimemwita mtu aliyemwogopa baba yangu kwa miaka kumi na saba, nikampa kinywaji chake peke yake, na mwenyeji nikampa kingine. Nikampa na upande wake wa wali, uliogeuzwa kuelekea kwake na mhudumu ambaye ni rafiki yangu.

Niliikamata porrón. "Nitakunywa mimi! Tazama, nakunywa."

"Weka chini," Ludovic akasema. "Mtoto haonji kwa niaba ya baba yake. Aonje yeye."

"Siwezi," baba akasema.

"Unaona?"

"Si kwa sababu hiyo unayofikiri."

"Basi itaje ni ipi."

Baba akasema, akitazama kitambaa cha meza: "Siku nilipoambiwa Félix haonekani nilikuwa nimeshika kibuyu. Nilikimwaga chini. Nikaapa mbele ya dada yangu kwamba pombe sitaionja tena mpaka nimemzika mdogo wangu na tumeanua matanga. Watu hudhani ni kanisa. Nimewaacha wadhani hivyo."

Nami nilikuwa mmoja wa hao waliodhani. Nimekua katika nyumba yake, nimemwona kwenye harusi na ubatizo akishika soda, na sikuwahi kumuuliza.

Ludovic hakuondoka. Lakini hakufungua vifungo vya koti pia.

"Nakusikia," akasema. "Nami nakuambia hivi: kabla hujaonja, mimi sina neno. Huijui hofu yangu, kaka. Tangu siku zile naogopa glasi. Kwenye harusi za watu wetu nafungua chupa yangu kwa meno. Mke wangu ananicheka."

"Kwa hiyo nivunje kiapo ili nipate kukitimiza."

"Mambo ya viapo siyajui. Najua naogopa."

Sijawahi kumwona baba akikosa la kufanya na mikono yake. Ni fundi wa mabomba, mikono yake siku zote inajua. Sasa aliiweka mezani, akaiondoa, akaiweka tena. Halafu akanyoosha mmoja, akaichukua porrón, na akaiinua.

Hakuwa ameisikiliza hata kidogo ile habari yangu ya kurudisha kichwa nyuma. Divai ilimpiga kwenye shavu, ikamwingia puani, ikashuka kidevuni mpaka kwenye shati jeupe. Ludovic alimtazama kooni.

"Meza," akasema.

Baba akameza.

"Fungua mdomo."

Na baba yangu, mtu wa miaka hamsini na mitatu, akafungua mdomo wake mbele ya watu, kama mtoto aliyepewa dawa, ili aonekane kuwa hakubakiza kitu. Wamaitha alikuwa anakuja na kitambaa na chumvi ya kutoa doa. Alipotuona nyuso, akavitua ukingoni mwa meza, akaondoka bila mzaha.

Ludovic akaipokea porrón, akanywa muda mrefu. Kisha akafungua vifungo vya koti.

"Mtoto wa kwanza wa mke wangu, niliyemlea mimi, ametimiza miaka kumi na tisa mwezi wa pili," akasema. "Kila nikimwona amelala kwenye kochi, miguu inaning'inia, ni Félix. Sikuweza tena."

Akaeleza. Nitaandika nilivyosikia.

Félix alifika kwao usiku, miguu imechubuka. Mama yake Ludovic, Dafrosa, alimficha kwenye shimo la kuvundikia ndizi. Nyuma ya jiko walikuwa na shimo kama nyumba nyingi za kwetu, la kina cha mtu akiwa amechuchumaa: ndizi za pombe hupangwa ndani, hufunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, na pembeni huachwa njia ndogo ambapo moto huwashwa ili moshi wa joto uingie na kuziivisha. Walimweka humo Félix, wakapanga ndizi juu ya vijiti kichwani pake, wakafunika. Usiku walikuwa wakimpa maji na viazi vitamu kupitia ile njia ya moshi. Siku mbili zilipita hivyo.

"Siku ya tatu wakaja," Ludovic akasema. "Walikuwa kumi na wawili. Kumi niliwajua kwa majina. Walipekua nyumba, wakapekua zizi. Mmoja akaliona shimo. Akauliza, mbona shimo limefunikwa na halifuki moshi? Ndizi gani zinaiva bila moto? Nikasema ndiyo kwanza tumezipanga leo, nilikuwa naenda kuchukua kaa la moto. Akasema, basi nenda."

Nilitaka kumwambia asiendelee.

"Nikaenda jikoni. Nikaleta kaa. Nikawasha pale mbele yao. Niliweka majani makavu machache tu, kaka, machache tu, nikajua wataondoka na nitazima. Félix alikuwa anajua kuvumilia. Hakukohoa. Hakukohoa hata mara moja. Yule mtu akaridhika. Akasema, na pombe iliyokwisha kuiva mnayo?"

"Mlikuwa nayo," baba akasema.

"Tulikuwa nayo. Mama akaitoa. Wakakaa pale pale, kwenye nyasi, karibu na shimo, kwa sababu palikuwa na kivuli. Mimi ndiye niliyewahudumia. Nilionja kwanza, kama desturi, nikawapa. Walikunywa mpaka jua likashuka. Kila nikisogea kwenye moto yule mmoja ananitazama. Mara moja aliuchochea yeye mwenyewe kwa fimbo yake, anasema unazembea, ndizi zitaoza."

Bibi wa meza ya jirani alikuwa anafungua zawadi. Karatasi ilikuwa inachanika.

"Walipoondoka tulifukua. Alikuwa amejifunika uso kwa shati lake." Ludovic alishika ukingo wa meza. "Mama akasema tumwache palepale. Kumtoa ilikuwa kuwaita warudi. Tukaweka udongo. Mimi nilikimbia usiku ule ule, na sikurudi."

Baba aliuliza swali moja tu.

"Alikuwa amelala au amekaa?"

"Amekaa. Magoti kifuani."

"Mmemzika amekaa."

"Ndiyo, kaka."

Mbele yetu wali ulikuwa umeganda, mafuta yamekuwa meupe kwenye ukingo. Baba alikuwa amekula vijiko viwili. Nilisubiri kitu fulani kitokee, sijui nini. Katika tasnifu yangu nilikuwa nimeandika sura nzima kuhusu dakika hii, dakika ya mtu kusema na mwingine kusikia, na sura ile ilikuwa na mwanga. Hapa palikuwa na watu wawili wazima wasioweza kutazamana.

"Mama yangu yupo palepale," Ludovic akasema. "Ana miaka themanini na moja. Dada zangu wanamwita mjini, hataki kutoka. Hakuna aliyeruhusiwa kulima nyuma ya jiko. Watu wanadhani ni uzee." Sauti yake ikapungua. "Utawatuma watu wachimbe, najua, ni haki yako. Lakini wakisikia mifupa imetoka kwenye uwanja wake, hawatamuuliza kitu. Yeye hakuwasha. Niliwasha mimi. Mimi nitie mikononi mwa unayemtaka. Yeye muache."

"Ludovic," baba akasema, "sina neno zuri la kukuambia."

"Sikuja kulitafuta."

"Basi toka. Toka kabla sijapata baya."

Ludovic akasimama. Akanitazama kana kwamba anataka kuniaga, akakosa jina la kuniita, akaenda zake.

Tulikaa. Nilisema, "Baba, nisamehe, ile glasi," naye akatikisa mkono, si kwa kunisamehe, ni kama mtu anayemfukuza nzi. Halafu alisimama ghafla na kwenda nje bila koti. Nilimwomba Wamaitha anisubiri, nikachukua koti nikamfuata.

Alikuwa kwenye njia ya miguu, amekwisha kupiga. Kila Jumapili humpigia Shangazi Médiatrice, na kwa kuwa laini ya Bujumbura ni mbovu huweka spika. Kwa hiyo nilisikia yote. Walizungumza Kirundi, nami naandika hapa kwa Kiswahili.

"Kaka! Kuna nini? Leo Jumamosi."

"Umekaa?"

"Nimesimama. Sema."

"Nimejua Félix alipo."

Laini ilivuma. Nilidhani imekatika.

"Ardhini?" shangazi akauliza.

"Ardhini."

Nilimsikia akiketi, kiti au kitanda kikalalamika. "Wapi?"

"Kwa Dafrosa. Nyuma ya jiko."

"Kwa Dafrosa!" akasema. "Nilienda kilimani Krismasi. Alinishika mikono yangu hii akawa haiachii. Nikadhani ananifananisha na mtu." Kisha sauti ikabadilika, ikawa ngumu. "Nani alimuua?"

Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuko, Ludovic alikuwa amesimama. Hakuwa amefika mbali. Alikuwa ameuelekea upande wetu, mikono mifukoni, na baba alikuwa anamtazama.

Nilijua jina lingefanya nini. Shangazi angelishika, na kabla jua halijazama lingekuwa limefika kilimani, na pale uwanjani kwa yule bibi wangefika polisi, au watu wasiowangoja polisi.

"Kaka. Nakuuliza. Nani?"

"Walimficha," baba akasema. "Dafrosa alimficha. Wauaji walikuja wakakaa pale mchana kutwa. Akakosa hewa."

"Nani amekuambia?"

"Mtu wa kwetu."

"Ana jina huyo mtu?"

Shati la baba lilikuwa limelowa kifuani na upepo wa Aprili ulikuwa bado una baridi ya theluji. Nilijaribu kumvika koti lakini alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, kwa hiyo nililiweka tu mabegani.

"Médiatrice, nisikilize. Kesho nenda. Usiende na watu, wala usimwambie padri. Nenda peke yako, umwambie Dafrosa kwamba nimejua, na nitakuja mwenyewe kumtoa. Mwambie asiogope."

"Asiogope? Mimi ndiye niende kumwambia yeye asiogope?"

"Wewe."

"Miaka kumi na saba ananiangalia machoni!"

"Najua. Mwambie hivyo hivyo. Rudia nisikie."

Shangazi alianza kulia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, ya chini, ndefu, na waliopita njiani walitugeukia. Baba hakuisogeza simu. Alisubiri.

"Rudia, dada yangu," akasema tena.

Ng'ambo kule taa ya waenda kwa miguu iliwaka kijani, ikazima, ikawaka tena. Ludovic hakuvuka, na hakuondoka.